Herufi Iliyopotea katika Sauti ya Baba



Ndugu wasomaji, kisa ninachokileta hapa ni changu mwenyewe, na aibu iliyomo ndani yake ni yangu pia. Lau ingekuwa ni aibu tu, ningeliinyamazia. Lakini kosa lenyewe nililisambaza kwa mikono yangu katika nyumba kumi na moja, na baadhi ya nyumba hizo husoma gazeti hili. Tena najua kwamba katika majumba mengi ya Waislamu bado kuna makasha ya kanda za kaseti yaliyosukumwa chini ya vitanda, na ndani yake zimo sauti za watu ambao hatutazisikia tena duniani kwa njia nyingine. Basi yaliyonipata mimi huenda yakamfaa mwenye kasha kama hilo kabla hajalifanya nililolifanya mimi.

Marehemu baba yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa fundi cherehani hapa Pemba, na baina ya magharibi na isha akisomesha watoto Kurani. Hakuwa mwanachuoni mkubwa wa kutajwa vitabuni. Alichojaaliwa ni matamshi. Kila herufi aliitoa pahala pake, na watu walikuwa wakitembea masafa marefu kuja kumsikiliza, si kwa uzuri wa sauti, kwani sauti yake ilikuwa nzito na kavu, bali kwa ile haki aliyokuwa akiipa kila herufi. Katika Ramadhani ya mwaka 1404, yaani Juni 1984, alisomesha darsa ukumbini kwetu kila usiku baada ya tarawehe. Wanaume walikaa juu ya mikeka, mama na wanawake wenziwe wakakaa nyuma ya pazia. Mimi nilikuwa kijana wa miaka 22, nami nilikuwa na radio kaseti niliyoinunua kwa jasho langu. Kila usiku nikaiweka mbele yake pamoja na kanda moja ya dakika 60. Usiku ambao alikuwa na homa hakusomesha, na mwisho wa mwezi nilikuwa na kanda 28. Baba alifariki mwaka 1991.

Ilipofika mwaka 2006, kanda zilikwisha kuanza kunasa na kutafunwa na mashine. Nikazichukua mpaka duka moja mjini lililokuwa likihamisha kanda na kuzitia katika CD. Kijana wa duka alikuwa mtu mwema na mwenye subira. Alinieleza kuwa aweza kuzigeuza kuwa faili za MP3, na kwamba mimi ndiye nitakayechagua kila sekunde ya sauti itumie biti ngapi. Akitumia kilobiti 64 kwa sekunde, saa zote 28 zitahitaji CD mbili. Akitumia 48, zitaenea katika moja. Nikamwuliza kama tafauti itasikika. Akaniambia: "Kidogo, Mzee." Nami nikamjibu kuwa madhali ni maneno tu wala si muziki, apunguze ziingie katika moja. Bei ya CD ya pili, ndugu zangu, ilikuwa ni bei ya chai na mkate.

Nikarudi nyumbani na CD yangu moja mfukoni, na kasha la kanda nikaliona kuwa sasa ni takataka. Alikuwapo jamaa yetu mwenye konde la mpunga bondeni aliyekuwa akitafuta kitu cha kuamia ndege. Nikampa kasha zima. Akazifungua kanda, akaufunga ule utepe mweusi juu ya miti kutoka upande huu wa konde mpaka upande wa pili, na upepo ukivuma ulikuwa ukimeta na kulia kama nyuki. Siku moja nilipita huko, nikausikia ukilia, nikatabasamu kwa kuwa kitu changu kimemfaa mwenzangu. Nikikumbuka tabasamu lile hata leo mwili hunisisimka. Ama kutundika shambani kanda yenye kisomo, kama ni kukosa adabu kiasi gani, hilo nawaachia wenye elimu. Mimi ninalitubia tu.

Miaka kumi na saba ikapita. Mwaka 2023 alikuja kututembelea mpwa wangu, kijana msomi, na laptopu yake. Akazisikiliza faili zile, akasikitika. Akasema: "Mjomba, hizi ni MP3, nazo ni namna ya faili inayopoteza sauti. Siku hizi iko namna isiyopoteza kitu, jina lake FLAC. Nitakugeuzia zote, sauti ya babu irudi kama ilivyokuwa." Usiku mmoja akaifanya kazi yote. Kisha akanionyesha: kila faili ilikuwa imevimba ikapita mara tano ya ukubwa wake wa kwanza, na programu yenyewe ikatoa ushahidi kuwa kila kitu kimehakikishwa wala hakuna kilichopotea. Nikasikiliza, na Wallahi nikaona sauti imesafika! Mtu akishatamani jambo, masikio yake humfuata popote atakapoyapeleka.

Nikanunua flashi kumi na moja, nikazipeleka kwa wanafunzi wa baba walio hai na kwa dada yangu mkubwa aliyeko Maskati. Juu ya kila moja nikaandika kwa mkono wangu: NAKALA YA ASILI. Shukrani na dua zikanijia kutoka kila upande.

Mjukuu wangu wakati huo alikuwa na miaka saba. Aliipenda sauti ya babu yake mkuu kuliko sauti yoyote, akawa hujilaza na simu sikioni akirudiarudia Suratut-Takaathur nyuma yake, nasi tukifurahi. Siku moja mwalimu wake wa chuoni akaja nyumbani. Baada ya kuamkiana na kunywa maji, akaniuliza kwa upole: "Mzee, samahani, nani anayemsomesha huyu mtoto nyumbani?" Nikamwambia, kwa fahari, kuwa anasoma nyuma ya marehemu baba. Akanyamaza kidogo, kisha akamwita mtoto na kumtaka asome. Mtoto akasoma vizuri mpaka alipofika kwenye neno "thumma". Akasema "fumma". Mwalimu akamrudisha, akasema "fumma" tena, na akaapa kuwa babu ndivyo asomavyo.

Nikaleta simu tukaisikiliza sote watatu. Ndugu zangu, lilitoka "fumma". Ni mara ngapi nilikuwa nimeisikiliza sura ile! Lakini mimi nilikuwa nikiisikiliza kwa kumbukumbu yangu. Nilijua baba atasema nini, basi nikalisikia alilolisema zamani. Mtoto hakuwa na kumbukumbu ya kumsaidia. Alisikia kilichokuwamo tu.

Yule mwalimu, kwa adabu yake, akatafuta la kunipooza. Akasema: "Labda marehemu meno yalikuwa yamekwisha kumtoka." Baba yangu alizikwa na meno yake yote. Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani.

Asubuhi yake nikamwendea mzee mmoja jirani yetu, aliyefanya kazi ya ufundi wa redio kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, nikampa faili ile na kumweleza yote. Hakusikiliza kwanza. Aliifungua katika programu inayochora sauti kwa picha, chini zikiwa sauti nene na juu sauti nyembamba. Nusu ya chini ilijaa rangi. Nusu ya juu ilikuwa nyeusi tii, imekatwa kwa mstari ulionyooka kama uliopigwa rula. Akaniambia: "Mpwa wako ametengeneza ghala la ghorofa mbili, na mzigo ni wa ghorofa moja. Huko juu hamna kitu."

Kisha akanifahamisha, nami nitajaribu kuyaeleza kama nilivyoyafahamu. Sikio la kijana mzima husikia mitetemo kuanzia kiasi cha 20 mpaka 20,000 kwa sekunde. Katika CD ya kawaida ya kusikiliza, sauti hupimwa mara 44,100 kila sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa biti 16. Kwa spika mbili jumla hupindukia biti milioni moja na laki nne kwa sekunde. Huo ni mzigo mkubwa. Wataalamu katika nchi mbalimbali wakatafuta njia ya kuupunguza, na miongoni mwao ni Karlheinz Brandenburg na wenziwe wa taasisi ya Fraunhofer katika mji wa Erlangen, Ujerumani. Kanuni zao zilitangazwa mwaka 1993, na jina hili la MP3 likaja mwaka 1995. Hila yao imejengwa juu ya udhaifu wa sikio la mwanaadamu: sauti kubwa huificha sauti ndogo iliyo karibu nayo, kama ngoma inavyomficha mtu anayenong'ona. Basi mashine huikata sauti vipande vidogo sana, huangalia katika kila kipande ni kipi sikio halitakitambua, na hicho hukiandika kwa uchache au hukiacha kabisa. Ukiipa biti nyingi, hufanya kazi ya kustaajabisha, na watu wengi hawatambui tafauti. Ukiibana kwa biti chache, hulazimika kutupa hata yale yanayosikika.

Nami niliibana mno. Kwa kilobiti zile 48, kijana wa duka aliipima sauti mara 22,050 tu kwa sekunde, na kanuni ya kazi hiyo ni kuwa hupati mitetemo zaidi ya nusu ya vipimo vyako. Kwa hiyo chochote kilichopita mitetemo 11,025 kilikatwa mlangoni, hata kabla ya MP3 yenyewe kuanza kuchagua. Kisha katika kilichobakia, ikatupa tena.

Sasa angalieni ni nani aliyeumia. Waliosoma tajwidi wanajua kuwa thaa ni katika herufi za hamsi, zile ambazo pumzi hupita nazo na sauti yake ikawa hafifu. Siin nayo ni ya hamsi, lakini imepewa swafiri, ule mluzi wake, na kwa mluzi huo hujitetea. Thaa haina mluzi. Ni pumzi tu inayopita baina ya ulimi na ncha za meno, nyembamba, iliyotawanyika, inayopakana sana na faa. Kinachozitenga herufi hizi mbili ni kitu kidogo mno, na kitu kidogo ndicho mashine iliyoamriwa kupunguza hukitupa mwanzo. Wanavyuoni wetu waliigawa sauti ya herufi kwa sifa zake karne nyingi kabla ya kompyuta, na lau ningalimwuliza mmoja wao mwaka 2006 ni herufi gani zitakazokuwa za kwanza kupotea, nadhani angalinihesabia kwa vidole.

Nikamwuliza fundi: na FLAC je, ni uwongo? Akasema hapana, FLAC ni kweli tupu, na hilo ndilo lililotuponza. Ilitungwa na Mmarekani Josh Coalson, ikakamilika mwaka 2001, na kila mtu ana ruhusa ya kuitumia bila ya malipo. Yenyewe haitupi kitu. Hukisia kila kipimo kitakuwa kiasi gani kwa kuangalia vilivyotangulia, kisha huandika kosa la makisio yake tu. Na kwa kuwa makosa ni madogo, mzigo hupungua, mara nyingi ukawa karibu na nusu, na ukitaka kurudisha hurudi namba kwa namba. Tena hutia ndani muhuri wa hesabu ili uweze kuhakikisha. Ule ushahidi uliotolewa na programu ya mpwa wangu ulikuwa wa haki. Ulishuhudia kuwa kilichotoka ni sawasawa na kilichoingia. Haukuulizwa, wala haukusema, kuwa kilichoingia kilikuwa kizima.

Hapo nikakumbuka darsa za baba mwenyewe. Mpokezi mwaminifu akipokea khabari kwa aliyeisahau nusu yake, akaihifadhi neno kwa neno na kuifikisha bila ya kupunguza herufi, uaminifu wake hauirudishi ile nusu. Huifikisha nusu kwa uaminifu. Na kama akiiandika kwa wino wa dhahabu, itakuwa ni nusu iliyoandikwa kwa dhahabu. Yule fundi alilisema kwa namna yake ya kikulima: mchele uliokwisha kutwangwa hauwi mpunga kwa kutiwa katika gunia la mpunga.

Nisimdhulumu mpwa wangu. Kazi yake haikuwa bure moja kwa moja. Fundi alinieleza kuwa anayetaka kuishughulikia faili ya MP3, mathalan kukata kikohozi au kuigawa darsa ndefu mafungu mafungu, hufanya vyema akihifadhi kazi yake katika FLAC. Kwani akihifadhi tena kwa MP3, mashine itapunguza kwa mara ya pili juu ya ile ya kwanza, na kila mzunguko utazidisha uharibifu. FLAC huuzuia uharibifu usiendelee. Kuuponya ndiko isikokuweza. Kosa lilikuwa katika maneno yale matatu niliyoyaandika mimi juu ya flashi.

Kijana alipopata khabari alisononeka sana, akatafuta suluhu nyingine. Akanipigia simu: "Mjomba, sasa ziko programu zenye akili ya kubuni. Unaipa sauti iliyoharibika, nayo inaijaza mapengo kwa kukisia, kwa kuwa imefunzwa kwa sauti za watu wengi." Nikamwuliza: itajuaje babu yako alitamka nini? Akasema haitajua, itakisia tu, lakini itatoka nzuri. Nikamwambia kuwa kama ni hotuba ya harusi, naifanye. Hiki ni kisomo, na aliyekisoma yuko kaburini, hana wa kumwuliza. Sitatia katika kinywa chake thaa iliyotungwa na mashine kisha nikawaambia watu kuwa ndivyo alivyosoma. Afadhali pengo lake.

Kazi nzito ilikuwa kuwaandikia wale kumi na moja. Nilichelewa wiki mbili. Kila nikishika kalamu, nikikumbuka jambo jingine la kufanya. Mwisho nikaandika: Kile nilichokuita nakala ya asili sicho. Ni MP3 ya mwaka 2006, iliyobanwa kwa amri yangu, ikavalishwa nguo ya FLAC mwaka 2023. Herufi za thaa na baadhi ya faa zilizomo haziaminiki, msimsomeshe mtoto kwa faili hizi. Asili yenyewe niliigawa, ikaenda kuamia ndege. Wengi walinijibu kwa wema. Mmoja alikasirika, na alikuwa na haki, kwani alikuwa amekwisha kuwapa nakala wanafunzi wake thelathini. Mwengine, mzee wa miaka themanini, alisema yeye anaipenda ile kubwa kwa kuwa inasikika safi zaidi, na kwamba nisimharibie furaha yake. Sikubishana naye.

Dada yangu wa Maskati hakujibu kwa siku nne. Siku ya tano akapiga simu, analia. Mwaka 1986, alipokuwa akiondoka na mumewe, alichukua kanda nne kutoka katika kasha langu bila ya kuniuliza, ili awe na sauti ya baba ugenini. Kisha akaona haya kuniambia, na mwisho akasahau. Zilikuwa kabatini, ndani ya soksi. Ndiyo kusema mwaka 2006 nilipeleka dukani kanda 24, nami kwa miaka yote nikihesabu 28! Kumbe nilikuwa nikisimulia hesabu ya mwaka 1984 bila ya kuzihesabu tena. Hilo nalo nawasahihishia hapa, na CD ile moja, kwa hesabu ya kijana wa duka aliyehesabu kwa maneno yangu, ilibakiwa na nafasi tele.

Akazileta mtu aliyekuwa akirudi nyumbani kwa idi. Zilikuwa zimeota ukungu mweupe kingoni. Fundi alizishughulikia kama mtu anayemwuguza mgonjwa: alizipeleka mbele na kurudisha nyuma pole pole bila ya kuzicheza, akasafisha kichwa cha mashine kwa spiriti, kwa kanda moja akabadilisha kile kijisponji kinachoubana utepe. Kisha akazicheza, sauti ikaingia moja kwa moja katika FLAC, vipimo 48,000 kwa sekunde, bila ya kupitia MP3. Sisemi kuwa kanda yenyewe ni ukamilifu. Inavuma, inayumba, na zile sauti nyembamba kabisa haikuwahi kuzishika hata ilipokuwa mpya. Lakini yaliyopotea humo yalipotea ukumbini usiku ule, na hayo siwezi kuyalaumu.

Suratut-Takaathur haimo katika zile nne. Ile itabaki na "fumma" yake, na juu ya faili yake nimeandika imetoka wapi, imepita wapi na nani aliibana. Lakini "thumma" ni neno linalorudi mara nyingi, na katika kanda ya usiku wa tatu limo. Tulikaa sote ukumbini: mimi, mtoto, mwalimu wake niliyemwalika kwa makusudi, na dada yangu simuni kutoka Maskati. Baba akasoma. Likatoka neno, na pumzi ikipita baina ya meno yake yote. Mwalimu akainama, akasema: "Allah amrehemu, naomba radhi." Mtoto akalijaribu mara mbili, la tatu likawa.

Tuliacha kanda iendelee. Katika faili zangu za zamani, pale baba anaposita kufunua ukurasa, hamna kitu ila ukimya wa kukwaruza. Sasa tukasikia karatasi. Tukasikia vikombe vya kahawa vikigongana, na mbali, kwa mwadhini wa mtaa wa pili, mtu akijaribu spika. Kisha nyuma ya pazia sauti ya mwanamke, chini kabisa, ikimwambia mwenziwe: "Kahawa inapoa. Mwambieni afupishe."

Dada yangu akapiga ukelele simuni. Mtoto akaniuliza huyo ni nani. Nikairudisha kanda nyuma, ili asikie tena kabla sijamjibu.